Kompyuta Isiposoma Diski

Diski yenye nakala pekee ya hesabu za chama cha ushirika inapokataa kusomwa, wengi hukilaumu chombo cha kusomea papo hapo. Yafaa kwanza kujaribu diski nyingine. Hiyo ikisomeka, kasoro imo katika diski ya awali. Ifutwe kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa kuzungusha, kwani mkwaruzo unaoufuata mzunguko huharibu taarifa nyingi zilizofuatana, nayo kompyuta hushindwa kuzisahihisha. Katika CD, upande wa kuogopewa zaidi ni ule wenye maandishi (wenye kuuandikia kwa kalamu ya ncha ngumu hawalijui hili). Tabaka la taarifa limo chini yake tu, ilhali upande usomwao una kinga ya plastiki ya milimita 1.2.

Zisiposomeka zote, huenda lenzi imeshika vumbi. Ama chombo kisomacho DVD na kukataa CD, yawezekana kimepoteza leza moja: CD husomwa kwa mwale wa nanomita 780, DVD kwa nanomita 650, na leza moja huweza kufa nyingine ingali nzima. Hapo diski ipelekwe kwenye chombo kingine, na hesabu zinakiliwe kabla ya jambo lolote.