Mpunga wa Bamvua

Kutoka Garsen, Mto Tana hushuka ukipita vijiji vya Wapokomo kama Ngao na Golbanti, ukafika Ozi, kisha ukaingia baharini Kipini. Kipokomo ni ndugu wa Kiswahili, Kimijikenda na Kikomori. Wanaisimu huziweka lugha hizi katika kundi la Sabaki. Mtu wa Mombasa akisikiliza, atadaka neno hapa na pale, kisha maana imponyoke.

Anayetaka kujua lugha hii inaishi wapi aende shambani. Mpunga wa Ozi haukungoja pampu. Siku za bamvua, bahari ikijaa huyarudisha nyuma maji ya mto; na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu na kutambaa hadi majarubani. Mkulima husoma mwezi, hupima rangi ya mto, hukisia mvua iliyonyesha mbali huko Mlima Kenya. Elimu yote hiyo mtoto huipokea kwa Kipokomo, miguu ikiwa topeni, kutoka kwa babu yake. Sijui darasa lililo bora kuliko hilo.

Lakini mto ukikonda, chumvi hupanda na jaruba hufa. Mabwawa ya juu, kuanzia Kindaruma mwaka 1968 hadi Masinga mwaka 1981 na Kiambere baadaye, yameyavuruga mafuriko yaliyokuwa yakija kwa majira. Kijana akiacha mpunga akaenda Malindi kutafuta kibarua, huko atazungumza Kiswahili, na wanawe vilevile.

Wapokomo wameshapokonywa mengi. Ngadzi, ngoma yao kuu ambayo wasiokuwa wa chama cha wazee hawakuruhusiwa hata kuiona, ilichukuliwa na Waingereza zama za ukoloni na imehifadhiwa British Museum, London. Lakini wametoa pia: wimbo wao wa kubembeleza mtoto ndio uliotoa lahani ya wimbo wa taifa mwaka 1963. Kenya nzima husimama wima ukiimbwa.

Njia za kuilinda lugha zipo. Ireland iliyachorea mipaka maeneo yanayozungumza Kiayalandi, na tangu 1972 yana redio yake. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 7, nayo inaiagiza serikali ilinde lugha za wananchi. Kwa Ozi, ulinzi huo uanzie kwenye malango ya mabwawa: maji yafunguliwe kwa kufuata kalenda ya mpunga, na wakulima wa delta wawe mezani kalenda hiyo inapopangwa.