Mabango ya Sehemu za Burudani: Gharama Haipimwi kwa Mita ya Mraba

Bango la sehemu ya burudani ya familia hubuniwa kufuata kisa cha mahali, na hapo ndipo linapoachana na bango la duka. Haller Park ya Mombasa ni mfano wa mahali penye kisa tayari. Machimbo yake ya mawe ya saruji yalianza kupandwa miti mwaka 1971, yakafunguliwa kwa wageni mwaka 1984, kisha yakavuma duniani pale Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipoandamana na Mzee, kobe mkongwe. Mbunifu aliyepewa mahali kama hapo hana sababu ya kuazima kasri la Ulaya.

Kazi huanza kwa kuzunguka uwanja mzima na kutazama familia zinasimama wapi: getini, penye njia panda, karibu na vyoo na chakula. Kanuni ya mafundi ni herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali wa msomaji. Picha za watoto hushushwa hadi usawa wa macho yao. Onyo la kina cha maji au la wanyama halifai kupambwa; libaki na rangi na alama zilizozoeleka, kwa maana usalama hautegemei kisa.

Bei ndiyo inayowachanganya wateja. Wachapishaji hutoza kwa mita ya mraba, na kwa bango bapa hesabu hiyo inatosha. Sanamu ya kobe ya faiba ni habari nyingine. Umbo lake huchongwa kwanza kwa povu gumu. Povu jeupe la vifungashio huyeyuka likiguswa na resini ya poliesta, hivyo fundi hulipaka kinga kabla ya kutandika faiba, tabaka juu ya tabaka. Hufuata msasa, siku nzima wakati mwingine, ndipo rangi ipakwe. Pesa nyingi huishia kwenye mikono ya fundi, si kwenye vifaa, na mteja anayebana hapo hupata kobe asiyetambulika.

Pwani chumvi haisamehe. Bolti za kawaida hushika kutu na kuchuruzia michirizi ya kahawia usoni mwa bango; za chuma kisichoshika kutu ni ghali, lakini ndizo zinazodumu. Bango pana hushika upepo wa kusi kama tanga, kwa hiyo nguzo husimikwa kwenye zege, na zege huachwa likomae siku kadhaa kabla ya kubebeshwa mzigo. Kingo huviringwa, ncha za bolti hufunikwa, na ufungaji hufanywa kabla ya geti kufunguliwa. Bango linaloonekana kutoka barabarani huhitaji pia kibali cha kaunti au halmashauri.

Makadirio mengi ya bei husahau matengenezo. Mkataba mzuri hutaja namba za rangi zilizotumika na nani anatunza kalibu ya sanamu, kama ilitengenezwa, ili mguu wa kobe ukivunjika utolewe mwingine bila kuchonga upya.