Kabla Hujampa Mwanao Mtaji wa Intaneti

Tangu nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa mwaka 2009, intaneti imekuwa bidhaa ya kununuliwa kwa jumla na kuuzwa kwa rejareja. Leo kijana humjia mamake kuomba mtaji: mlingoti juu ya paa, ruta kadhaa, na kompyuta ya kuhudumia wateja, yaani seva. Mama huuliza bei ya vyombo. Ni nadra kuuliza seva hiyo itaendeshwa kwa mfumo gani.

Mfumo endeshi ndio msimamizi wa kompyuta. Kwa mwuza intaneti, ndio unaompa kila mteja anwani yake, unaohesabu siku alizolipia, na unaohifadhi jina na nambari yake ya simu. Ukilala, mtaa mzima hukatikiwa. Ukivunjwa, siri za majirani huibiwa.

Njia ni tatu. Ya kwanza ni mfumo wa leseni ya kulipia, kama Windows Server. Gharama humwelemea anayeanza, na wengine hushawishika kutumia nakala ya wizi. Huko ni kula haki ya mtu, na mara nyingi nakala hiyo huwa imetiwa virusi. Ya pili ni mifumo ya bure iliyo halali: Linux, aliyoianzisha Linus Torvalds akiwa mwanafunzi nchini Finland mwaka 1991, na FreeBSD, iliyotokana na kazi za Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Ya tatu ni RouterOS ya kampuni ya MikroTik ya Latvia, inayokuja tayari ndani ya ruta zake.

Ipi bora? Kisa cha mwaka 2018 chatufunza. Kasoro ilionekana katika RouterOS, na kampuni ikatoa marekebisho mwezi wa Aprili. Hata hivyo, miezi michache baadaye ruta zaidi ya 200,000, nyingi zikiwa Brazil, zilitekwa na wahalifu wakazitumia kuchimba sarafu za kidijitali. Dawa ilikuwapo, wenye ruta hawakuitia.

Basi usimwulize mwanao mfumo upi unasifiwa. Mwulize: Ni upi unaoujua vyema? Utausasisha siku gani? Ukikwama saa nane za usiku, nani hapa mjini atakusaidia? Nakala ya kumbukumbu za wateja utaiweka wapi?

Akiwa na majibu, mpe mtaji. Akikosa, na asome kwanza. Majina ya majirani ni amana.