Umeme wa ugenini na vifaa vya msafiri

Umeme unaofika kwenye soketi za nyumbani haufanani duniani kote. Tanzania hutumia volti 230, Kenya, Uganda na Oman 240, na nchi karibu zote za Ulaya 230, zote kwa hezi 50. Marekani na Kanada hutumia volti 120 kwa hezi 60. Japani iko peke yake kwa volti 100, na hata hapo imegawanyika: upande wa Tokyo ni hezi 50 na upande wa Osaka ni hezi 60, kwa kuwa mwishoni mwa karne ya 19 Tokyo ilinunua jenereta zake Ujerumani, Osaka ikanunua Marekani. Saudi Arabia nayo huwachanganya wengi wanaokwenda kufanya kazi huko. Kwa miaka mingi majumba yake yalikuwa na volti 127, sasa nchi inahamia 230, lakini hezi zimebaki 60.

Tofauti hii huumiza zaidi vifaa vya joto, yaani pasi, majagi ya kuchemshia maji na draya za nywele. Ukinzani wa waya wa kifaa hubaki karibu uleule, kwa hiyo volti zikiongezeka mara mbili mkondo nao huongezeka mara mbili, na nguvu hupanda mara nne. Draya ya Marekani ya wati 1,500 huvuta ampea 12.5 kwa volti 120. Ikichomekwa Nairobi kwenye volti 240 hutaka kuvuta ampea 25 na kutoa wati 6,000. Plagi ya pini tatu za bapa ina fyuzi isiyozidi ampea 13, nayo hukatika, ila mara nyingi waya wa ndani ya draya huwa umeshawaka mwekundu na kuachia kwa mlio. Safari ya upande wa pili haina hatari hiyo. Jagi la wati 2,000 la volti 230 likipelekwa Chicago hutoa wati 540 hivi. Haliungui, ila maji ya chai yatachemka baada ya muda mara nne ya ule wa kawaida, au zaidi.

Kabla ya kununua chochote, kinachotakiwa ni kusoma maandishi madogo yaliyo nyuma ya kifaa au kwenye mwili wa chaja. Palipoandikwa INPUT: 100-240V, 50/60Hz, kifaa hicho kinakubali umeme wa karibu kila nchi. Palipoandikwa 120V peke yake, au 220-240V peke yake, ndipo suala la kibadilisha volti linapoanza.

Chaja za simu na kompyuta mpakato za siku hizi karibu zote ni za kundi la kwanza. Chaja ya namna hiyo hugeuza kwanza mkondo geu wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu, kisha huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo sana. Sakiti yake hupima volti zinazotoka na kurekebisha ukataji papo hapo, hivyo zikiingia 100 au 240, simu hupata zilezile. Msafiri mwenye simu, kompyuta na kamera hahitaji kibadilisha volti hata kimoja. Anahitaji adapta ya plagi, kitu cha bei ndogo kinachobadilisha umbo la pini tu na kisichogusa volti. Wauzaji wa viwanja vya ndege hawana haraka ya kueleza hilo.

Kompyuta ya mezani iangaliwe kwa uangalifu zaidi. Nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, karibu na mahali pa kuchomeka waya wa umeme, yenye namba 115 upande mmoja na 230 upande mwingine. Iliyotumwa kutoka Marekani hufika ikiwa kwenye 115. Ikiwashwa hivyo Dar es Salaam, hutoa mlio kama wa fataki na harufu ya kuungua, na fundi hubadilisha pawasaplai nzima.

Vibadilisha volti viko vya aina mbili. Ya kwanza ni transfoma ya chuma, ambayo mafundi wengi huiita stepdauni. Ndani yake mna koili za waya wa shaba zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma. Mizunguko ya upande wa kutokea ikiwa nusu ya ile ya kuingilia, volti nazo hutoka nusu. Umbo la wimbi la umeme halibadiliki, kwa hiyo redio, ampilifaya na mashine nyingine zenye elektroniki hufanya kazi bila tabu. Kasoro yake ni uzito: ya wati 2,000 hukaribia kilo 10 au kuzidi. Si mzigo wa begi la mkononi.

Aina ya pili ni nyepesi, hushikika kwa mkono mmoja, na hujinadi kwa wati nyingi. Haina kiini kikubwa cha chuma; hukata sehemu ya kila wimbi na kuacha ipite ile iliyobaki, ili joto linalopatikana lilingane na la volti 120. Vilele vya wimbi hilo, hata hivyo, bado hugusa karibu volti 300, ilhali kifaa cha volti 120 kimezoea vilele vya 170. Waya wa pasi hauoni tofauti. Sakiti ya elektroniki huiona, na hufa. Hata draya ya kisasa yenye vitufe vya kidijitali haifai hapo, ingawa ni kifaa cha joto. Kigeuzi cha aina hii pia hakikuundwa kukaa kimewashwa kwa saa nyingi.

Ukubwa wa transfoma huchaguliwa kwa wati za kifaa na nafasi ya ziada juu yake. Kifaa cha joto chataka ziada ya robo. Chenye mota, kama friji, huvuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida kinapowaka, hivyo transfoma inayolingana kabisa na wati za friji itazidiwa. Wati zinazoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi za bei rahisi zipokewe kwa shaka. Transfoma iliyoachwa kwenye soketi bila kazi huendelea kunguruma, kupata joto na kula umeme, basi ni vyema ichomolewe.

Jambo ambalo transfoma haiwezi kabisa ni kubadilisha hezi. Saa ya ukutani iliyotengenezwa kuhesabu hezi 60 hupoteza dakika 10 kila saa kwenye hezi 50. Mota nyingi za feni na friji huzunguka polepole zaidi kwa takriban asilimia 17, na volti zisiposhushwa kwa kiwango hichohicho hupata joto kupita kawaida. Mashine za kunyolea za sumaku, zinazopendwa na vinyozi na kuletwa kutoka Marekani, huanza kugonga kwa kelele hata zikiwa kwenye transfoma sahihi, hadi kinyozi azungushe skrubu ya ubavuni na kupata mlio uliotulia. Blenda na drili hazijali hezi, kwa kuwa mota zake ni za brashi. Kwa pasi, draya na jagi, kununua kipya huko huko uendako kwa kawaida ni nafuu kuliko transfoma ya kuviendeshea.

Suala la mwisho ni plagi yenyewe. Soketi ya pini tatu za bapa, inayotumika Kenya, Uganda, Tanzania na Oman, ina vifuniko vya ndani ambavyo hufunguliwa na pini ndefu ya juu, ile ya ethi. Wengi huvifungua kwa kijiti au mfuniko wa kalamu ili kulazimisha plagi ya pini mbili za mviringo iingie. Pini hizo hukaa kwa kulegea, hucheza na kupata moto, na kifaa chenye mwili wa chuma kilichotengenezewa ethi hubaki bila kinga hiyo. Adapta ya kweli yenye ethi huondoa matatizo yote mawili.

Ekstensheni ya Marekani yenye kinga dhidi ya kupanda kwa ghafla kwa volti isiwekwe kamwe kwenye volti 230, hata kama vifaa vyote vitakavyochomekwa juu yake vinakubali volti hizo. Kinga hiyo imepangwa kwa volti 120, hivyo umeme wa kawaida wa Afrika Mashariki huuona kama hitilafu, hupitisha mkondo mfululizo na kuweza kushika moto. Ekstensheni iliyonunuliwa katika nchi unakofikia, pamoja na adapta, hutosha kwa chaja zote.