Tembe la Kwihara: Nyuma ya mlango wa nakshi kuna stori ya wapagazi!

WASHIKAJI wengi wa Tabora ukiwauliza habari za tembe la Kwihara watakujibu kwa mkato: "Si ile nyumba ya Livingstone?" Basi, stori imeishia hapo. Lakini msomaji wangu, jengo lile limebeba mazito kuliko jina la Mzungu mmoja.

Kwanza tulicheki lenyewe. Ukitoka mjini Mboka Manyema, ukashika upande wa kusini magharibi kilomita chache tu, unalikuta. Ni tembe hasa: kuta nene za udongo, paa bapa na ua wa ndani. Ila mlango wake ni wa mbao zilizochongwa nakshi kwa mtindo wa pwani. Mlango huo peke yake unakupa habari: hapa walikaa Waarabu wa misafara, waliofuata pembe za ndovu na, tusifichane, watumwa. Jengo la mwanzo lilibomoka. Unaloliona leo lilijengwa upya karne ya 20, na ni makumbusho.

Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alifikia Kwihara Juni 1871 akimsaka Livingstone. Akakuta noma! Mtemi Mirambo alikuwa amewafungia Waarabu njia ya Ujiji, na Agosti mwaka huo jeshi lake likaingia Tabora na kuichoma moto. Stanley, presha juu, akaamuru kuta za tembe zitobolewe matundu ya kupitishia mitutu ya bunduki. Mirambo hakufika Kwihara. Stanley akazungukia kusini, akamkuta babu Ujiji, na Februari 1872 wakarudi wote Kwihara.

Machi Stanley akaondoka. Livingstone akabaki miezi mitano akiandika na kungoja wapagazi. Vijana 57 walipowasili kutoka pwani, akaondoka nao Agosti 25, 1872. Hakurudi akiwa hai. Alifia kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1, 1873.

Sasa hapa ndipo penye utamu wenyewe. Abdullah Susi, mtu wa Shupanga, Msumbiji, na James Chuma, Myao aliyekombolewa utumwani mwaka 1861, walikuwa na Livingstone tangu mwaka 1866. Wao na wenzao wangeweza kumzika pale pale, wakachapa lapa. Wapi! Moyo wake wakauzika chini ya mti, mwili wakautia chumvi na kuukausha juani, wakaufunga na kuubeba mabegani.

Oktoba 1873 wakaingia Unyanyembe, yaani Tabora hii hii. Chuma alikuwa ametangulia na barua ya mwenzao Jacob Wainwright, kijana msomi wa msafara. Na unajua nani alikuwa kwenye nyumba ya Kwihara? Mwingereza mwingine, Luteni Cameron, aliyetumwa kumsaidia Livingstone! Cameron akawashauri: njia ni ya hatari, mzikeni hapa. Wapagazi wakakataa katakata. Mzee atarudi kwao.

Na hatari ilikuwepo kweli. Mbele ya safari, huko Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Jamaa wakacheza mchezo wa mjini kabla mji haujawa mji: wakafunga mabua ya mtama kwa nguo kama maiti, watu sita wakayabeba kurudi Unyanyembe eti wanakwenda kuzika. Kumbe mwili wenyewe umefungwa kama mtumba wa nguo, unapita mchana kweupe! Wale sita wakayatupa mabua porini, wakawafuata wenzao.

Februari 1874 mwili ukafika Bagamoyo, baada ya zaidi ya kilomita 1,500 kwa miguu. Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey, London. Wapagazi wengi walilipwa ujira wao pwani, wakatawanyika. Hakuna aliyewajengea makumbusho.

Hivyo wewe wa Choma, Igunga au Nzega, ukija Tabora usiishie stendi na kwenye asali. Panda baiskeli nenda Kwihara, mlango uutazame vizuri. Na atakayekwambia "hii ni nyumba ya Livingstone", muulize kiroho safi: na aliyembeba anaitwa nani?