Umeme ukirudi kwa kishindo, pampu ya zimamoto iko salama?

Mchana wa tarehe 5 Septemba mwaka 2022, umeme ulikatika mjini Muscat na katika maeneo mengine kadhaa ya Oman. Viyoyozi vilinyamaza, taa za kuongozea magari zikazimika, na umeme ukarejeshwa hatua kwa hatua siku hiyo hiyo.

Wakaazi hulalamikia joto na giza. Mafundi wa umeme huhofia zaidi dakika ile umeme unaporudi, kwani unaweza kupanda ghafla na kuunguza vyombo. Wazanzibari, waliokaa gizani takriban mwezi mmoja mwaka 2008 na miezi mitatu kuanzia Desemba 2009, hawahitaji kuelezwa hilo.

Jokofu likiungua, mwenyewe hujua siku hiyo hiyo. Pampu ya zimamoto katika jengo la ghorofa hukaa kimya miezi mingi, na huenda uharibifu wake ukajulikana siku ya moto.

Mota hutolewa mhanga

Pampu hii ina tofauti na ile ya kisima. Pampu ya kawaida ikizidiwa hujizima ili mota isiungue. Ya zimamoto huachwa iendelee kusukuma maji hata kama mota itaharibika, kwa sababu roho za watu ni ghali kuliko mota.

Lakini kisanduku kinachoiwasha siku hizi kina bodi ya elektroniki, na bodi hiyo ni dhaifu mbele ya umeme unaopanda ghafla. Ikiungua, pampu haipati amri ya kuwaka. Upo mkono wa dharura wa kuiwashia, ila lazima apatikane mtu wa kuuvuta.

Nchini Marekani, wasimamizi wa majengo walipoulizwa, asilimia 12 walisema pampu zao za zimamoto zimewahi kuharibiwa kwa njia hiyo. Kanuni za umeme za nchi hiyo, toleo la mwaka 2017, zikaagiza kila kisanduku cha pampu hizo kiwekewe kifaa cha kinga.

Kinga nayo huchoka

Kifaa hicho huuelekeza umeme wa ziada ardhini kabla haujafika kwenye bodi. Bila waya mzuri wa ardhi hakina kazi, na katika ardhi kavu yenye mawe, kama ya sehemu nyingi za Muscat, waya huo huhitaji kupimwa na fundi. Aidha, kila pigo hukipunguzia kifaa nguvu. Taa yake ndogo ikionyesha kimekufa, kibadilishwe.

Kwa hiyo, anayeishi ghorofani, iwe Muscat, Dar es Salaam au Mombasa, ana haki ya kumuuliza msimamizi wa jengo maswali mawili. Je, kisanduku cha pampu kina kinga? Na tangu umeme ulipokatika mara ya mwisho, pampu imewashwa kujaribiwa?