Mkipanga Mahali pa Kazi, Ugomvi Hupungua

Ndugu na dada wa vikundi, kazi ya pamoja mara nyingi haiharibiki kwa uvivu, ila kwa kukaa ovyo. Tazameni mawe ya Tabaka. Mmoja huchimba jiwe, mwingine hulikata kwa panga na kulichonga kwa kisu, kina mama hulisugua kwa msasa na maji, kisha hupakwa nta. Mchongaji akikaa huku na msuguaji kule ng'ambo ya boma, kinyago kinavunjika njiani, halafu kila mtu, "Si mimi!"

Basi fanyeni hivi:

1. Kaeni jinsi kazi inavyofuatana.

2. Maji yawe karibu. Jiwe lililolowa huchongeka upesi na vumbi hupungua. Vumbi hilo huumiza mapafu, kwa hivyo chongeni penye hewa, watoto wakae mbali.

3. Kila anayepokea kazi atie alama kwenye kitabu kimoja.

4. Oda na pesa zikiingia kwa simu, ujumbe usomwe mbele ya wote. Ukisomwa na mmoja, fitina huanza.

Katika risaga ya wazee wetu kila mtu aliliona jembe la jirani. Je, kwenu mnaonana?